Ndani ya Kitum

Tumetoka Kitale asubuhi, mvua ikatukuta njiani, viatu havitamaniki. Lakini Kitum, jamani! Pango limeingia ndani ya Mlima Elgon karibu mita 200, na kuta zake zina mikwaruzo ya pembe za tembo. Huja usiku, gizani totoro, kuchimba mwamba wale chumvi. Mimi na tochi yangu nilijikwaa mara tatu.

Kumbe mapango ya huku yalikuwa makazi. Wasabaoti, wenyeji wa mlima huu, waliishi humo na ng'ombe wao; mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson aliwakuta mwaka 1883. Mzee mmoja alituonyesha dari lililojaa masizi, akacheka nilipouliza walilalaje na mbu. Moshi, mwanangu! Popo je? Hapo alinyamaza.

Nguo zangu bado zinanuka popo.