Tulivyoifikisha daladala mtaani kwetu Nzuguni

Tangu nihamishiwe Dodoma kikazi sijawahi kuwa na gari, na sina mpango wa kununua. Najua wengi wanashangaa. Hapa mtumishi mwenye miaka kadhaa kazini akionekana kituoni na mkoba wake, watu wanauliza kama mambo yamemwendea vibaya. Mji wenyewe unakusukuma huko. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku kweli kweli, mji ukaanza kutanuka kila upande. Viwanja ni vikubwa, nyumba zimeachana, na kutoka katikati ya mji hadi Mji wa Serikali Mtumba ni kilomita kama 17. Mgeni akiona hivyo anakimbilia mkopo wa gari kabla hata hajafungua mizigo.

Mimi nilianza na nyumba. Niliiacha nyumba nzuri ya kodi nafuu upande wa Mkonze kwa sababu kila asubuhi ningelazimika kuunga gari mbili hadi kazini. Nikachukua Nzuguni, kwa kuwa iko kwenye barabara ya Dar es Salaam, kati ya mjini na Mtumba. Kazini gari moja, soko la Majengo gari moja, na stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai viko huku huku. Anayehamia Dodoma akiniomba ushauri namwambia atafute kituo kwanza, chumba baadaye.

Tatizo lilikuwa kipande cha ndani. Mtaa wetu uko mbali na lami, mwendo wa nusu saa kwa miguu ukiwa na mtoto. Kiangazi upepo unakumwagia vumbi mpaka kope zinabadilika rangi. Mwezi wa saba asubuhi baridi inauma, na mvua zikianza Desemba njia inakatwa na makorongo. Kina mama waliogopa kupita vichakani alfajiri. Wenye uwezo kidogo walikuwa wakichukua bodaboda kila siku, na wenye uwezo zaidi walikuwa wakiulizia bei ya gari dogo la Toyota IST.

Siku moja nikamuuliza dereva wa daladala tuliyoizoea kwa nini hawaingii mtaani. Hakunizungusha.

"Mama yangu, mimi sina mshahara. Jioni tajiri anataka hesabu yake, mafuta natoa mimi, kinachobaki nagawana na konda. Nikiingia huko ndani nikazunguka, nikatoka na watu wawili, si nimefanya kazi ya bure?"

Maneno yale ndiyo yaliyonifungua macho. Mpaka siku ile tulikuwa tukilalamika kwamba madereva wanatudharau, kumbe wanapiga mahesabu, na mahesabu yao yalikuwa sahihi. Abiria tulikuwepo wengi, ila tulitoka nyumbani kila mtu na saa yake, kila mtu na kichochoro chake. Dereva angetuonaje?

Basi tukaanza kutembea pamoja. Nilizungumza na jirani yangu fundi cherehani, yeye akazungumza na walimu wawili wa shule ya msingi, habari ikasambaa. Tukakubaliana kukutana chini ya mwarobaini ulio karibu na mashine ya kusaga, saa kumi na mbili kamili asubuhi, na tunaondoka hapo wote hadi barabarani. Aliyechelewa haongojwi. Sheria hiyo ilileta manung'uniko, lakini ndiyo iliyotubeba, maana kundi linaloongoja halidumu wiki mbili. Hofu ya vichaka ikaisha, watoto wa shule wakajiunga, na kikongwe mmoja wa Kigogo anayeuza mboga mjini akawa anatusalimia "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Pale barabarani makonda wakaanza kutuzoea. Gari ilikuwa inasimama, inajaa, inaondoka.

Hapo ndipo tulipokuwa na kitu cha kuonyesha. Daladala haijiamulii pa kupita. Leseni ya njia inatolewa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na dereva akiiacha njia yake anatafuta kukamatwa, kwa hiyo sikutaka kumshawishi mtu atoroke ruti. Tulipeleka hoja kwenye mkutano wa mtaa. Mzee mmoja alisimama akasema Dodoma ni mji wa magari, waliouchora walijua watu watakuwa na magari. Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaeleza kwamba mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa, wapangaji wa Project Planning Associates wa Toronto, Kanada, waliandaa mpango kabambe uliotoka mwaka 1976, na ndani yake watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi walitangulia mbele ya gari binafsi. Makazi yalikusudiwa kuunganishwa na njia za mabasi, mtu atembee kidogo tu kutoka kwake hadi kituoni. "Kwa hiyo mzee wangu," nikamwambia, "tunachoomba hapa kilishaandikwa." Akacheka, akaunga mkono.

Mwenyekiti akatuandikia barua, wenye magari wawili wakapeleka maombi yao, nasi tukaambatanisha orodha ya abiria na saa tunazosafiri. Nadhani orodha ile ndiyo iliyosaidia kuliko maneno yote, kwa sababu barua nyingi husema tu wananchi wanateseka. Ilichukua muda, na kuna ofisi moja ilituzungusha mpaka baadhi yetu wakakata tamaa. Lakini njia ikaongezwa, na asubuhi ya kwanza Hiace ilipotokea kwenye kona ya mashine, konda akining'inia mlangoni akiita "Mjini, Jamatini, mjini!", fundi cherehani alipiga kigelegele.

Kazi haikuishia hapo, maana gari ikija mara tatu ikakosa watu hairudi. Kwenye kundi letu la WhatsApp tunakumbushana, na anayesafiri mchana anasema mapema. Tuliwabembeleza hata wenye magari wapande japo siku za Jumatatu. Baadhi yao sasa wanapanda siku zote na gari wameiacha kwa ajili ya misiba na harusi.

Mengine ya maisha bila gari ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Gunia la mchele au mkaa linakuja kwa guta. Usiku mtoto akipandisha homa, ninazo namba za madereva bajaji wawili wanaolala mtaani kwetu, na wote wawili wananipokelea simu. Bodaboda na watoto sipandi, hilo sibishani na mtu. Kwenda Dar es Salaam napanda treni ya SGR, iliyoanza safari za huku mwaka 2024. Nafika ndani ya saa nne, sijachoka, nikiwa nimesoma au nimelala njia nzima.

Kinachotusumbua sasa ni usiku. Baada ya saa mbili magari hayaingii tena ndani, na dada zetu wanaofunga maduka mjini wanashukia lami gizani. Tumeanza kuandika majina yao na saa wanazotoka kazini. Dereva amesema tukimhakikishia watu kumi, mzunguko wa mwisho ataomba uwe wa kwetu. Hadi jana usiku tulikuwa na saba.