Siku moja maishani mwangu: wasifu wa mwalimu aliyetunza siri

Saa 1 asubuhi. Mchana tuna kumbukizi ya mwalimu mstaafu aliyeniachia chumba hiki na kazi hii, na wasifu wake nitausoma mimi. Upande wa ualimu nimeshaumaliza: alifundisha hisabati, akakabidhiwa malezi na ushauri nasaha, akastaafu. Kilichonikwamisha ni huo ushauri nasaha. Mwalimu wa hisabati anapimwa kwa matokeo ya mtihani. Mshauri akiiweza kazi yake, kila alichofanikisha ni siri ya mtu mwingine.

Saa 2. Mwanafunzi wa kwanza. Kilichomleta sikisemi, ila tulivyokaa nitasema. Viti viwili vimewekwa mshazari, bila meza katikati. Mwalimu ndiye aliyevipanga hivyo, ili mtoto akichoka kukutazama awe na pa kupeleka macho. Saa ya ukutani aliitundika nyuma ya kiti cha mwanafunzi: mshauri anaona muda bila kutupia jicho mkononi, na mtoto hadhani anafukuzwa. Karatasi laini ziko upande wa mtoto, asilazimike kuziomba.

Kabla ya lolote nasema aliyonifundisha kusema kila mara, hata kwa aliyekwisha kuyasikia. Utakayoniambia yanabaki hapa, isipokuwa uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au kama kuna mtu anakudhuru. Hapo nitawahusisha wengine, na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Mipaka itajwe kabla ya siri kutoka, alisisitiza. Ikitajwa baada, mtoto anaona umemtega.

Saa 4. Fomu za kuchagua masomo, asubuhi nzima inaishia huko.

Saa 6. Nimerudi kwenye wasifu. Mwalimu alimsoma sana Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye katika makala yake ya mwaka 1957 alimtaka mshauri awe mkweli wa nafsi, amkubali mtu bila masharti, na amwelewe kwa kuingia katika hisia zake. Kwa maoni yangu, shuleni la pili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu yuleyule anayekusikiliza ndiye anayekusahihishia mtihani na kukuadhibu. Mwalimu aliliona hilo mapema, akaomba atolewe kwenye kamati ya nidhamu. Hakuweza kupokea machozi ya mtoto asubuhi kisha jioni akae kumhukumu. Baadhi ya walimu walikasirika, wakasema anajitenga na anawadekeza wanafunzi. Walipomfuata faragha kuuliza fulani alisema nini, jibu lake lilikuwa moja: "Muulize mwenyewe."

Kufundisha hakuacha mpaka siku ya kustaafu. Alisema darasani ndiko anakomwona mtoto kwanza: yule aliyekuwa akizipata hesabu, ghafla anaanza kuacha nusu ya ukurasa mtupu. Hakumwita mbele ya wenzake. Alirudisha daftari na kijikaratasi ndani: "Nipo baada ya kipindi, ukitaka." Hilo "ukitaka" aliliandika akilimaanisha. Asiyekuja hakufuatwa, ila kijikaratasi kingine kilimfikia baadaye.

Saa 8. Kumbukizi. Nimesoma miaka ya ualimu, nikaeleza viti na kijikaratasi, kisha nikasema yaliyobaki ni mali ya waliokaa pale, nami sina ruhusa ya kuyagusa. Nikakaa. Mama mmoja akasimama, akasimulia ya kwake mwenyewe, sauti ikimkatika. Akafuata mwingine, na mwingine. Wapo waliolia bila kusimama, na hakuna aliyewauliza kitu. Nimefurahi mno kwamba wasifu wake ulimaliziwa na wenye haki nao.

Saa 10. Watu wametawanyika. Baba mmoja amebaki mlangoni. "Mwalimu, lile faili langu bado lipo?" Nimemwambia halipo: kabla ya kuondoka, mzee alizipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi kumbukumbu zote zilizopita muda wake wa kutunzwa, yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ameshusha pumzi. Kisha akaniambia kijana wake anasoma hapahapa, siku hizi haongei nyumbani, je, naweza kumwita?

Kumwita, hapana. Nimechukua kijikaratasi, nimeandika kwamba nipo kesho baada ya kipindi cha mwisho, akitaka.