Kikombe changu kilikuwa kinatoa jasho

Kikombe kilitoka tanurini kikiwa kizuri kweli: gilezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika udongo, imeyeyuka laini, rangi ya bluu imekolea, hakina hata kitundu. Nilikijaza maji usiku nikakiacha mezani. Asubuhi nikakuta duara la unyevu chini ya kitako. Nilikifuta, nikajaza tena, unyevu ukarudi.

Nilidhani kosa ni la gilezi, kwa hiyo nikapaka wino juu yake na kuufuta. Mistari myembamba kama utando wa buibui ikajitokeza. Nyufa zilikuwepo, naam, lakini swali lililonisumbua ni hili: maji yakishapenya ufa, kwa nini udongo unayapitisha?

Nikafinyanga vipande bapa vya udongo uleule, nikavichoma bila gilezi pamoja na vyombo vingine. Vilipopoa nikapima kimoja: gramu 200. Nikavichemsha kwa saa tano, nikaviacha majini mpaka kesho yake, nikavifuta na kupima tena. Kile kimoja kilikuwa gramu 209. Kimefyonza asilimia 4.5! Kwa chombo cha kunywea hiyo ni nyingi mno. Nilirudi kusoma mfuko wa udongo: umeandikwa koni ya 6 hadi 10. Koni ni kijipande chembamba kinachowekwa tanurini, kinachoinama kikifikia kiwango chake cha joto, na namba yake hutaja kiwango hicho. Mimi nachoma koni ya 6, yaani mwanzoni kabisa mwa kipimo chake. Hauharibiki hapo, ila haujafunga, yaani vinyweleo vyake bado viko wazi. Siku hizi udongo ulioandikwa koni nyingi hivyo siuchukui kwa vyombo vya chakula. Natafuta ule unaokomaa kwenye koni ya 6 yenyewe.

Hapa niseme jambo moja kwa anayeanza: sifuri ya mbele ina uzito. Koni ya 06 iko karibu na nyuzi 1000, koni ya 6 iko kama nyuzi 1220. Udongo mwekundu wa joto la chini ukiuchoma koni ya 6 unaweza kuvimba, hata kuyeyukia rafu.

Kabla ya kubadili udongo nililikagua tanuri. Niliweka koni tatu, ya 5, ya 6 na ya 7, kwenye rafu ya juu, ya kati na ya chini. Kipimajoto kilionyesha nimefika. Rafu ya kati, koni ya 6 ilikuwa imeinama vizuri. Rafu ya chini, ya 5 ilikuwa imelala lakini ya 6 imeegama kidogo tu. Kumbe chini hapakuwa na joto la kutosha, na kikombe changu kilitoka huko. Kipimajoto kinakupa joto la sehemu ile kilipochomekwa, kwa dakika ile. Koni inakuonyesha joto pamoja na muda ambao chombo kimekaa ndani yake. Tangu hapo sichomi bila koni.

Nilirekebisha mambo mawili. Nyuzi 100 za mwisho nazipanda polepole, 60 kwa saa, kisha nashikilia kileleni dakika 15. Na rafu ya chini siijazi kwa kubana. Naacha nafasi ili joto lizunguke. Tofauti ya juu na chini haikuisha, ila ilipungua hadi chini ya nusu koni.

Udongo mpya, kwa kipimo kilekile, ulitoka gramu 200 ukaenda 203. Nilifurahi sana. Lakini gilezi ile ya zamani bado ilipasuka juu yake, kwa sababu inaposhuka joto inasinyaa kuliko udongo, na mwishowe inajikuta imevutwa mpaka inakatika. Kuongeza unene hakusaidii, kunazidisha. Nilichofanya ni kuongeza silika, madini ya mchanga mweupe yanayopunguza kusinyaa kwa gilezi, kwanza sehemu tano kwa kila 100 za mchanganyiko, kwenye vigae vya majaribio. Mistari ikapungua. Sehemu nane, ikapotea, na mng'ao ukabaki. Vigae hivyo nilivitia kwenye friza, kisha nikavimwagia maji yanayochemka, mara tatu, ndipo nikapaka wino tena.

Kikombe cha udongo huo nilikijaza maji, nikakisimamisha juu ya karatasi kavu usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu vilevile.