Tope la majitaka: minyoo watakufa, kadimi itabaki

Wakulima wa kando ya Kampala hufuata tope lililokaushwa kwenye mitambo ya majitaka ya Lubigi na Bugolobi kwa sababu ya wazi: migomba inalipenda. Lakini ukiambiwa "limeshatibiwa", uliza limetibiwa nini.

Minyoo kwanza. Mayai ya askarisi, mnyoo mkubwa wa utumbo, ni sugu kuliko vimelea vingine, na jua huunguza juu tu. Pasua bonge kubwa. Likiwa jeusi na bichi katikati, usilibebe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2006 unataka mayai yasizidi 1 kwa gramu ya tope kavu, na kwa joto la nyuzi 20 hadi 35 rundo likae zaidi ya mwaka 1. Kosa la kila siku: rundo la Januari linamwagiwa tope la Juni, halafu watu wanaendelea kuhesabu tangu Januari.

Metali nzito haziishi kwa kungoja wala kwa jua. Rundo likioza na kupungua, kadimi na risasi hubaki zilezile, kwa hiyo kila kilo inazidi kuwa nazo. Metali za majitaka ya bomba hutoka viwandani na kwenye gereji. Za choo cha shimo hutoka kwenye betri za tochi zilizotupwa humo pamoja na viwembe na plastiki.

Piga hesabu. Tope lenye miligramu 3 za kadimi kwa kilo, tani 5 kwa hekta, linaleta gramu 15. Sentimita 20 za juu za udongo zina kama tani 2,600, basi nyongeza ni miligramu 0.006 kwa kilo. Kidogo sana. Tope lenye miligramu 40, tani 10 kila mwaka, linaongeza 0.15, miaka 10 ni 1.5, na Ulaya kikomo cha kadimi kwenye udongo ni miligramu 1 hadi 3 kwa kilo.

Udongo wenye asidi ndio unaoachia kadimi iingie mmea. Pima pH (kipimo cha asidi), ikiwa chini ya 6, weka chokaa kwanza, tope baadaye. Ukivichanganya pamoja utasikia harufu kali puani: hiyo ni nitrojeni uliyolipia inapaa. Mboga za majani kama dodo (mchicha) na nakati zisipandwe hapo, maana majani hukusanya kadimi. Tope liwekee migomba.

Sampuli ya maabara ichotwe sehemu 10 za rundo, ichanganywe, ibaki nusu kilo. Tumia beseni la plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, na majibu yatakuwa ya ndoo.