Landfall sio ardhi kuanguka jamani

Mei 2024 kimbunga Hidaya kiko njiani, grupu letu la familia la WhatsApp lilikuwa halilali. Mtu karusha habari ya kiingereza imeandikwa Hidaya itafanya landfall Mafia, basi shangazi yetu wa Kilindoni akatuma voisi analia, anauliza kisiwa ndo kinazama? Kumbe kuna dogo kaipitisha kwenye programu ya kutafsiri ikamletea "maporomoko ya ardhi". Mafia! Kisiwa tambarare vile yaporomoke kutoka wapi.

Kosa ni kulikata neno vipande, land ardhi, fall kuanguka. Landfall ni kufika nchi kavu ukitokea baharini. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wanalitumia hata kabla ya kutia nanga, yani chombo kimekaa majini siku na siku halafu nchi ikaonekana kwa mara ya kwanza, hiyo tayari landfall. Mjomba, mtu wa majahazi, akajibu kifupi: "kuona nchi hiyo, mnahangaika nini."

Kwenye kimbunga sasa, wanahesabu jicho, kile kitovu chake kikivuka ufukwe. Na hapa ndo watu wanajichanganya, anasoma bado hakijafanya landfall anaona ana muda, anatoka kwenda kuvuta ngalawa yake juu, wakati upepo na mvua vinatangulia masaa mengi kabla ya jicho, na kinaweza kukupita ubavuni kikakuharibia na jicho lisikanyage kwako kabisa.

Kwa kiswahili mimi napenda "kuingia nchi kavu". Wengi wanaandika "kutua", nikabisha kwamba kutua ni kama ndege, taratibu, kimbunga kinatua nini? Mjomba akanigeuzia, kwenye jahazi kutua tanga ni kulishusha, na kimbunga kikiingia bara si kinashusha tanga, kimeacha maji ya uvuguvugu ndo chakula chake. Nikanyamaza. Na kweli Hidaya tarehe 4 iliingia Mafia ikaanza kuishiwa nguvu, ingawa mvua zake zilikata barabara ya Lindi watu wakakwama huko.

Shangazi nilimwelezea yote haya kwa simu, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Haya, kikishatua kinaondoka saa ngapi?"