Saa saba mchana, ndani ya tembe ya bibi

Jumamosi nilishuka kwenye daladala pale Mvumi saa saba mchana, jua la Ugogo linapiga kwenye mchanga mpaka macho yanatoa machozi. Nikainama kuingia kwenye tembe ya bibi, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, giza ndani. Hatua mbili tu, kigoda kikanipata ugokoni, beseni zima la karanga alizokwisha kumenya likamwagika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huko chuo mnafundishwa nini, kama kigoda hukioni?"

Yeye kakaa pembeni, ananiona vizuri kabisa. Na kwa bahati mbaya yake, wiki ile tulikuwa tumesoma retina, utando wa nyuma ya jicho wenye seli zinazopokea mwanga.

Mimi siku zote nilidhani mwanga ndio unaoziamsha seli hizo. Kumbe ni kinyume. Gizani ndipo zinapomwaga kemikali iitwayo glutamati mfululizo. Mwanga ukizigusa, zinapunguza. Kumwaga bila kupumzika kunataka mpango, kwa hiyo sinapsi zake, yaani pale seli inapoipa seli nyingine ujumbe, zina utepe: kibamba chembamba ambacho vifuko vya glutamati vimejipanga juu yake kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Cha mbele kikimwagwa, cha nyuma kinasogea. Sinapsi nyingi za ubongo hazina utepe huo, ila sikio la ndani linao.

Lakini kilichoninyima usingizi ni wapokeaji, yaani seli zinazofuata, zinazoipokea glutamati hiyo. Glutamati ni ileile, ila kundi moja la seli inaliamsha na kundi jingine inalizima. Mwanga ukija, umwagaji ukapungua, hili lililokuwa limezimwa ndilo linaloinuka kuutangaza. Yaani kwa seli hizo, habari ya mwanga inafika kama ukimya!

Sasa mimi mlangoni: jua lilikuwa limeshaiunguza rodopsini, ile rangi ya seli za fimbo tunazotumia gizani. Mboni hupanuka kwa sekunde chache, lakini rodopsini hujengwa upya taratibu, nusu saa na zaidi, tena kwa vitamini A. Mpaka hapo seli zile hubaki zimenyamaza, kana kwamba bado uko juani.

Nikamweleza bibi hayo nikiwa nimepiga magoti, napapasa karanga sakafuni. Glutamati niliiruka.

"Kwa hiyo zikinyamaza ndiyo zimeona?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi na wewe nyamaza. Kuna nyingine chini ya kitanda."