Nilivyompima Khaman Maluach kabla ya drafti ya 2025

"Urefu haufundishwi." Hakuna kauli inayonikera kwenye mpira wa kikapu kama hiyo, na ndiyo ya kwanza niliyoambiwa nilipowatangazia wenzangu kwamba nitamchambua Khaman Maluach, kijana mrefu wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, kabla ya drafti ya NBA ya Juni 2025, yaani usiku ambao timu za ligi hiyo huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kocha mmoja ninayemheshimu sana akanishangaa: "Mdogo wangu, mtu ana futi saba na ushee, unapima nini tena? Mweke tano bora ukalale." Nikamjibu, "Kocha, hata Hasheem alikuwa na futi saba na ushee."

Sisi wa Dar es Salaam jambo hili linatugusa. Mwaka 2009 timu ya Memphis ilimchukua Hasheem Thabeet, kijana wetu, akiwa wa pili katika drafti nzima. James Harden alifuata wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kabla msimu wa kwanza wa Hasheem haujaisha wakampeleka ligi ya chini. Najivunia Hasheem mpaka leo na sipendi anavyosimangwa. Lawama ni za waliompima kwa futi na bloku, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizuia kwa mkono. Nilitaka kipimo ambacho kingeniambia mapema kama Maluach anaelekea njia ileile.

Kwa hiyo nikaanzia kwa Hasheem mwenyewe, mechi ya vyuo ya Februari 2009 kati ya Connecticut, timu yake, na Pittsburgh. Senta wa Pittsburgh, yaani mchezaji wa karibu na goli, alikuwa DeJuan Blair, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi. Siku hiyo Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa goli. Kuna tukio ambalo wameshikana mikono wakigombea mpira, Blair akainama na kumpitisha Hasheem juu ya bega lake hadi chini. Watu wote wanalikumbuka anguko lile. Mimi nililirudisha nyuma, nikaangalia sekunde mbili kabla yake: magoti ya Hasheem yamenyooka, kiuno kiko juu, miguu imekaribiana. Ameshatolewa kwenye nafasi yake kabla mikono haijagusana. Urefu wote ule, na hana pa kusimamia.

Nikajua cha kutafuta kwa Maluach: kiuno na miguu.

Ugumu ni kwamba kwenye video macho hukimbilia mpira, hata uyakataze vipi. Hapo nikabuni mbinu ambayo bado naringia. Nilitazama kwenye simu badala ya kompyuta, nikapunguza mwendo, nikazima sauti, halafu nikawa naufunika mpira kwa kidole gumba. Mpira unakwenda kulia, kidole kinakwenda kulia. Baada ya dakika chache jicho linachoka kutafuta kisichoonekana, linabaki na mtu mmoja tu. Ukifika hapo ndipo unaanza kuona: anapokuja kusaidia kwenye skrini, pale mpinzani anapomziba mlinzi njia, anapiga hatua ndogo ndogo au anarukia mguu mmoja? Akidanganywa akaruka, anatua na kuruka tena haraka kiasi gani? Mpira ukiwa mbali naye, mgongo wake unamgusa mtu wa kumzuia, au amesimama anatazama kama shabiki? Bando lilinimaliza hela ya mboga ya wiki kadhaa, lakini sijutii hata shilingi.

Faida ya Maluach ni kwamba video zake zipo tangu akiwa kijana mdogo. Mzaliwa wa Sudan Kusini, amekulia Uganda, akaenda akademi ya NBA kule Senegal, na alicheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, misimu mitatu na timu tatu tofauti, ya mwisho ikiwa City Oilers ya Kampala mwaka 2024. Kiangazi hicho alikuwa Olimpiki ya Paris na miaka 17. Nilichokipenda ni kumtazama kwa mpangilio wa miaka. Zile hatua ndefu za mwanzo, ambazo gadi mwepesi, yule mchezaji mfupi anayeongoza mpira, alikuwa anazipita bila shida, zinafupika. Pale Duke, akitolewa nje kumkabili gadi, anashusha kiuno na kubaki mbele yake. Futi huzioni zikiongezeka, ila hayo unayaona yakifundishika.

Ukitazama mechi za vyuo au za FIBA, shirikisho la kimataifa, usisahau kwamba kule senta anaweza kuganda chini ya goli difensi nzima. NBA ina sheria ya sekunde tatu kwa anayezuia: kama hujamkaba mtu, toka. Bloku nyingi za vyuoni zinatokana na huko kuganda. Mimi nilizihesabu zile alizotokea mbali tu.

Vipimo vya kambi ya drafti navyo nilivitumia, sivikatai. Akisimama na kunyoosha mkono anafika kama sentimita 295, na goli liko 305. Lakini nilivutiwa zaidi na mitupo huru: zaidi ya asilimia 75 pale Duke. Mtu mrefu anayefunga mitupo huru namna hiyo ana mkono wa kufundishwa kutupa, hata kama pointi tatu zake bado zilikuwa chache na mbovu.

Mabaya niliyaandika pia. Asisti, yaani pasi ya kumfungisha mwenzake, hata moja kwa mechi hakufikisha kwa wastani, na pasi za chini zilimtoka mikononi. Halafu ile nusu fainali ya vyuo ya Aprili 2025 dhidi ya Chuo Kikuu cha Houston, Duke wakafungwa 70–67 na yeye hakupata ribaundi hata moja. Niliitazama yote na kidole changu. Vijana wa Houston ni wafupi kwake, lakini waliingia chini ya mbavu zake mapema na kumsukuma nje. Nikamkumbuka Blair. Tofauti ni kwamba kwa Maluach hilo lilitokea akiwa amechelewa kujipanga. Akiwahi, kiuno kilikuwa chini. Hilo la kuchelewa linarekebishika.

Nikamweka kati ya nafasi ya 8 na ya 14, nikaandika asianzishwe msimu wa kwanza. Kocha wangu akasema nina roho ngumu.

Usiku wa drafti, kwetu ni alfajiri, alitajwa wa 10. Houston Rockets, timu ya NBA, walimchagua, lakini alikuwa anakwenda Phoenix Suns kwenye lile dili lililompeleka nyota Kevin Durant Houston. Alilia, na mimi machozi yalinitoka. Usiku huohuo Suns wakamvuta pia Mark Williams kutoka Charlotte, senta aliyekwisha kucheza NBA misimu kadhaa. Wenzangu wakalalamika kwamba kijana anawekwa benchi. Mimi nilishangilia: hakuna atakayemrusha uwanjani kubeba timu kabla miguu yake haijawa tayari.